Yai Lisilofika Tumboni

Saluni ya shangazi yangu haikuwahi kuwa na kibao. Mwenyewe alisema kibao anakibeba kichwani, na hakuwa anajisifu bure. Nywele zake zilikuwa nyeusi, nzito, zimeshuka hadi mabegani, na mwanamke yeyote aliyepita akamkuta amesimama mlangoni akikung'uta taulo, ama aliingia siku hiyo hiyo, ama alikwenda kujishauri nyumbani kisha akarudi. Chema chajiuza. Wateja walimpa jina la Vidole kwa kasi ya mikono yake. Mimi, binti wa kaka yake, namwita Shangazi, naye ananiita Msomi tangu siku niliyoingia chuo kikuu. Hulitamka jina hilo kwa fahari wageni wakiwepo, na kwa kejeli wakishaondoka.

Saluni ni chumba kimoja. Kuna viti viwili vya kuzunguka, kimoja kinazunguka kweli na kingine kimegoma, benchi la wanaosubiri, beseni la kuoshea, mashine ya kukaushia inayovuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na friji fupi iliyo kama duka la vyakula. Trei ya mayai, maparachichi, ndizi mbivu, mtindi, chupa ya asali. Kiini cha yai kwa nywele kavu, parachichi kwa nywele zinazokatika, mtindi kwa ngozi ya kichwa inayowasha, asali kwa mng'ao. Vyote hivyo vilikuwa vya vichwa. Tumbo la Shangazi halikuwa na sehemu yake humo.

Siku moja nilikuta nusu ya parachichi imebaki kwenye bakuli, nikachukua kijiko.

"We! Hiyo ni ya kichwa!" alinikemea.

"Na mimi si nina kichwa, Shangazi?"

"Kichwa chako kinalishwa chuoni. Weka chini."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao kuna fundi cherehani, mwanamume mnene mwenye tepu shingoni na maoni juu ya kila jambo. Ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba hushiriki maongezi ya saluni bila kuinuka kwenye cherehani yake.

"Mwache mtoto ale!" alipaza sauti. "Huko kichwani litaliwa na nani?"

"Fundi, shona," akajibiwa.

Yeye Shangazi alikuwa anaishi kwa chai ya rangi. Ninasema kuishi kwa maana yake hasa. Asubuhi chai na kipande cha mkate, mchana chai, jioni chai tena na chochote kilichobaki nyumbani, akikila huku amefumba macho. Hakuwa bahili wala hakuwa anajikondesha. Ilikuwa ni kazi. Mwanamke aliyemfundisha ususi alimwachia sharti moja: kichwa hakiachwi nusu. Ukiinuka katikati, mikono inapoa, na ukirudi unasuka kwa nguvu nyingine. Upande wa kulia unalegea, wa kushoto unamvuta mteja nyusi. Kwa hiyo Shangazi akishika kichwa hakiachii hadi kiishe. Na rasta nyembamba ni kazi ya kutwa. Akimaliza kimoja, kingine kimeshakaa kitini kinamwangalia kwenye kioo. Wali utasubiri. Chai inanyweka kwa mkono mmoja.

Nilipokuja likizo ndefu mwaka jana nilimkuta amefunga kilemba. Kilikuwa kizuri, cha rangi ya zambarau, kimekazwa kwa fundo la ubavuni. Wateja walikishangilia. "Vidole ameleta mtindo!" Kabla ya wiki kwisha, wawili watatu walikuwa wamefunga kama yeye, na mmoja alimwomba amfundishe lile fundo. Shangazi alimfundisha huku akicheka, lakini ni kile kicheko cha mtu anayetaka maongezi yaishe.

Jioni moja, nyumbani, niliingia chumbani kwake kuomba chaja, nikamkuta mbele ya kioo, kilemba mkononi. Juu ya paji la uso na kwenye njia ya katikati ngozi ilikuwa inaonekana. Nywele zilizobaki zilikuwa nyepesi, hazina rangi nzuri, kama za mwanasesere aliyechezewa na watoto wengi.

"Funga mlango," alisema.

Nilifunga.

"Kwa ndani, Msomi!"

Niliingia tena, nikafunga kwa ndani. Hapo ndipo aliponieleza. Zilianza kutoka kidogo kidogo kwenye kitana, kisha kwenye mto, kisha kwenye tundu la maji bafuni. Amejaribu mafuta ya kila aina. Kila usiku anajipaka yai, na Jumapili anajipaka yai na parachichi pamoja. Haziachi kutoka.

"Usimwambie mtu. Sikiliza, mwanangu. Nani atampa kichwa chake msusi mwenye upara? Wakijua, nimekwisha. Ng'ambo ya barabara wana saluni yenye viyoyozi, wananisubiri nijikwae tu."

Kilemba kilikuwa kinalinda riziki yake, na kila asubuhi alikikaza zaidi.

Ukishajua jambo moja, mengine nayo hujitokeza. Niliona midomo yake imepasuka pembeni na haiponi. Niliona ngozi ya mikono yake, ambayo kutwa nzima inashinda kwenye mafuta ya watu, imekauka na kufanya michirizi. Alipopanda ngazi tatu za mlangoni, alishika fremu na kujifanya anatazama nani anapita barabarani. Na alikuwa anatafuna barafu. Alijaza maji kwenye vikombe vidogo, akavigandisha kwenye friji kando ya mayai, kisha akawa anatia kipande mdomoni, krachu, krachu, kutwa nzima. Aliyemuuliza aliambiwa ni joto.

Barafu hiyo ndiyo iliyomchongea. Tuna mteja mmoja, nesi wa kituo cha afya, mwanamke wa maneno machache ambaye huja siku zake za mapumziko na kulala usingizi chini ya mashine. Siku hiyo umeme ulikatika. Mashine ikanyamaza ghafla, na katika ule ukimya ikasikika krachu.

Nesi alifumbua macho. "Nini hicho?"

"Barafu, dada yangu. Karibu."

"Tangu lini unatafuna barafu?"

"Aa, muda. Inaniburudisha."

Nesi alitoa kichwa chake kwenye mashine, roli za nywele zikiwa zimemjaa kama mizinga ya nyuki, akaja moja kwa moja na kumvuta Shangazi kope la chini kwa kidole gumba. Akatazama. Akamshika mkono, akatazama kucha. Zilikuwa zimebonyea katikati, unaweza kuziwekea tone la maji likatulia.

"Umekula nini leo?"

"Nimekunywa chai."

"Nimeuliza umekula nini."

"Chai... na mkate."

"Jana?"

Shangazi alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa. Kutoka ng'ambo ya ukuta fundi akajibu kwa niaba yake: "Chai!"

"Huyu anayejibu ni nani?" nesi aliuliza.

"Ni jirani. Ana masikio marefu kuliko tepu yake."

"Basi jirani anakujali. Kesho asubuhi njoo kituoni nikupime damu. Na hicho kilemba," akashusha sauti, "utakifungua mbele yangu tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Tulikwenda. Damu yake ilikuwa imepungua sana, na madini ya chuma mwilini yalikuwa karibu kwisha. Nesi alieleza taratibu, kama mtu anayesuka mstari mmoja mmoja. Kila unywele una mzizi wake ndani ya ngozi, na mzizi huo ni kiwanda. Unahitaji protini, maana unywele wenyewe ni protini. Unahitaji damu yenye chuma ya kuupelekea hewa. Unahitaji zinki na vitamini kadhaa. Mwili ukibanwa na njaa hupeleka kidogo ulicho nacho kwenye moyo, ubongo na mapafu; nywele, ngozi na kucha huambiwa zisubiri. Ndiyo maana hamu ya barafu ikaja, ndiyo maana midomo ikapasuka, ndiyo maana ngazi tatu zimekuwa mlima.

"Lakini mimi yai najipaka kila siku," Shangazi alisema. Alikuwa karibu kulia.

"Yai la kichwani linalainisha unywele uliokwisha kuota. Huo hauna uhai, ni kama uzi. Mzizi hulishwa kwa ndani, kwa damu. Yai halina miguu, mama, haliwezi kushuka lenyewe kutoka utosini hadi tumboni. Lazima limezwe."

Mabega yakaanza kumtikisika Shangazi, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Miaka yote hii," alisema, "nimelala njaa nikiwa nimejipaka chakula!"

Nesi naye akacheka, kisha akarudi kazini. Vidonge vya chuma atampa kwa sababu amempima. Asiwagawie wateja, maana chuma kikizidi nacho ni sumu. Ale maharagwe, mboga za majani, mayai, samaki, na nyama au maini akipata. Kwenye mlo aongeze chungwa au ndimu, maana vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Chai aisogeze mbali na chakula na vidonge, kwa sababu inakizuia chuma hicho hicho. "Na uwe na subira. Nywele hazina haraka. Utahesabu miezi."

Kusikia ni rahisi. Nilianza kumbebea hotpoti asubuhi, na jioni ilirudi nyumbani nzito vile vile. "Nilikuwa na kichwa," alisema. Kila siku alikuwa na kichwa. Vidonge alimeza, maana vidonge vinamezeka kwa mkono mmoja kama chai. Mlo ulimtaka ainuke.

Ndipo ilipokuja harusi.

Mama wa bibi harusi ana duka la viatu mtaa wa juu, na ana mdomo. Kinachoingia kwenye masikio yake kabla ya saa nne, hadi adhuhuri kimeshafika ng'ambo ya barabara. Nywele zake mwenyewe huwa zimelala vizuri siku zote, na hajawahi kumruhusu Shangazi hata kuzigusa. Hutuletea binti zake tu. Siku mbili kabla ya sherehe aliingia na bibi harusi, msichana mrefu mwenye macho makubwa, na mfuko wa rasta za kumfika kiunoni. Gauni lilikuwa kwa fundi wetu, ng'ambo ya ukuta, likisubiri kujaribiwa.

"Vidole, leo nataka maajabu," mama alisema, akakaa kwenye benchi kama hakimu. "Watu watatoka mbali."

Shangazi alianza nyuma ya shingo. Alisuka kama rasta tano hivi, kisha nikaona kwenye kioo vidole vyake vimesita. Akachana taratibu. Akakitazama kitana. Akaniangalia mimi, akamwangalia tena msichana. Chini ya poda ngozi yake ilikuwa kavu, na pembe za midomo zilikuwa zimepasuka. Shangazi alizijua pembe hizo.

"Bibi harusi wetu," alisema kwa upole, "leo umekula?"

Mama ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. "Hali kitu huyo! Tangu tarehe ipangwe anakunywa maji ya ndimu tu, na matango kidogo. Gauni limekatwa jembamba, lazima aliingie. Uzuri una gharama zake."

"Na nywele? Hazitoki?"

Msichana alifungua mdomo, akamtazama mama yake kwenye kioo, akaufunga.

Shangazi aliendelea na rasta ya sita. Nilijua anachokipima, maana na mimi nilikuwa nakipima nikiwa nimeshika ufagio. Akinyamaza, kazi itakwisha, sifa zitapaa, na miezi michache baadaye uzito wa rasta utakuwa umeng'oa kilichobaki. Akisema, ataulizwa amejuaje. Na jibu lilikuwa chini ya kilemba.

Aliweka kitana mezani.

"Mama, rasta hizi sitamsuka. Nywele zake hazina nguvu ya kuzibeba."

"Unasemaje?"

"Nitamtengeneza vizuri, kwa mtindo mwepesi usiovuta. Rasta, hapana."

"Vidole, umechoka kazi? Sema umechoka! Ng'ambo pale wanasuka, tena wana viyoyozi. Au unadhani mji mzima una mikono yako tu?"

"Watamsuka, sikatai. Halafu atakuja kwangu na kitu kama hiki." Akafungua lile fundo la ubavuni, kilemba kikaanguka begani.

Hata cherehani ya ng'ambo ya ukuta ilinyamaza, na mwenye nayo kwa mara ya kwanza hakuwa na neno.

"Ni njaa iliyonifanya hivi," Shangazi alisema. "Si ufukara, ni njaa ya kujitakia. Nilikuwa nawasuka nyinyi nikinywa chai. Damu imekwisha, nywele zikaondoka. Nimepimwa, natibiwa. Sasa nenda ukawaambie, mama yangu. Lakini binti yako mlishe."

Mama alikuwa ameinuka nusu, mkoba kifuani. Kabla hajapata la kusema, msichana alisema kwa sauti ndogo ya mtoto, "Mama, mimi nina njaa."

"Siku mbili tu zimebaki!"

"Nina njaa sasa hivi. Na zinatoka. Zinatoka kila nikioga, nimekuwa nikizificha kwenye karatasi."

Shangazi hakungoja hukumu. Aliniambia, "Msomi, leta hotpoti," na akaketi kwenye kiti kilichogoma kuzunguka, akamsogezea msichana kijiko, yeye akachukua uma. Maharagwe, mchicha, yai la kuchemsha, chungwa lililokatwa. Walikula wakitazamana kwenye kioo, mmoja ana rasta sita kisogoni na kichwa kingine chote wazi, mwingine ana utosi unaong'aa. Msichana alikula kama aliyetoka safari.

"Na gauni?" mama aliuliza hewani. "Nani ataniambia kuhusu gauni?"

Ukuta ulijibu. "Gauni niachieni mimi! Kwenye mishono nimeacha kitambaa cha akiba, nalitanua leo leo. Kichwa ndicho kisicho na akiba, mama!"

Baadaye Shangazi alizifumua zile rasta, akamtengeneza msichana kifundo laini cha nyuma, kisichovuta hata unywele mmoja. Mama hakuaga.

Nisiseme uongo kwamba mambo yalikuwa mazuri mara moja. Habari ilivuka barabara kama tulivyotarajia, na wiki zile benchi letu lilikuwa na nafasi ya kulala. Baadhi ya wateja hatukuwaona tena. Wengine walikuja kuchungulia tu, wakakuta kichwa kiko wazi na mwenyewe anakula, wakaona haya, wakaomba waoshwe nywele. Mchana sasa Shangazi anainuka hata akiwa katikati ya kichwa. Mikono ikirudi imepoa, anaipasha kwenye maji ya moto kabla ya kushika mstari, na sijaona mteja aliyevutwa nyusi. Fundi alimwambia kwamba kinyozi hajinyoi lakini hajakatazwa kula, akaambiwa ashone.

Hamu ya barafu ilikuwa ya kwanza kutoweka. Midomo ikapona. Ngazi zikarudi kuwa ngazi. Nesi alimpima tena na akatabasamu, jambo ambalo si la kila siku. Nywele zilikawia kuliko vyote, kisha nilipokuja likizo fupi nikaziona pale kwenye paji la uso, fupi, ngumu, zimesimama wima kama miswaki ya watoto. Shangazi alizigusa mara kwa mara huku akizungumza, kuhakikisha hazijaondoka.

Likizo hiyo hiyo, Jumatatu moja asubuhi ambapo hatukuwa na mtu, mlango ulifunguliwa na akaingia mama mwenye duka la viatu. Alisimama kidogo, akatazama benchi tupu, kisha akaurudisha mlango nyuma yake.

"Binti anawasalimu," alisema. "Amenenepa."

"Alhamdulillahi. Karibu kiti, mama."

Hakukaa. Alipeleka mikono kisogoni, akatafuta kitu kwa vidole, na zile nywele zilizolala vizuri siku zote zikatoka nzima nzima. Chini yake palikuwa na nywele chache za kijivu, laini kama sufi, na ngozi.

"Na usinihubirie mboga," alisema haraka. "Mimi nakula. Nakula kuliko hata wewe."

"Basi huenda si chakula," Shangazi alisema. "Kuna tezi, kuna umri, kuna mawazo, kuna wigi lenyewe kukaza. Mimi sijui, mimi ni msusi tu. Nesi yuko zamu ya asubuhi kesho. Tutakwenda pamoja, kama utataka."

"Na watu wakituona?"

"Watasema tumekwenda kupimwa."

Mama alilipita benchi, akaja kwenye beseni, akalaza shingo yake. Shangazi alifungua bomba, akajaribu maji kwenye kiwiko chake kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga.

"Joto hili linakutosha?"

"Linanitosha," mama alisema, "na kesho tutakwenda." Alikuwa amefumba macho.